Vigingi vya Bibi Leo

Jina alilopewa na wazazi wake wengi walishalisahau. Walimwita Bibi Leo, kwa sababu ukimtajia kesho alikunja uso kama aliyeng'ata ndimu. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, alikujibu, "Na polepole ina kiu." Alikuwa na miaka sabini na kitu, hicho kitu hakukitaja, na nyonga mbili, moja nzima na moja ya kubembelezwa.

Hiyo ya kubembelezwa ndiyo iliyoleta mambo yote haya. Msimu wa mvua uliopita alikuwa anapanda kutoka chemchemi ya bondeni, ndoo kichwani, mguu ukateleza kwenye tope. Akaenda chini yeye na ndoo yake. Alilala pale njiani akitazama mawingu, maji yamemlowesha mpaka kifuani, hadi jirani yake Mama Pacha alipopita akamkuta. Mama Pacha akamweka mgongoni kama mtoto akampeleka nyumbani. Njia nzima Bibi Leo alilia, na si kwa maumivu. Alilia kwa kubebwa. Alipolazwa kitandani akafuta uso akasema, "Hayo maji yatakuja hapa kwangu kwa miguu yake. Mimi sitayafuata tena."

Na kweli bomba lilikuwa linakuja. Wanakijiji walikuwa wamelivuta bomba kubwa kutoka kwenye tangi la juu kilimani, likapita kando ya barabara. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema: kila nyumba ichimbe mtaro wake kutoka barabarani hadi mlangoni, kina cha goti, uwe tayari Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo fundi angepita na mipira yake ya maji, aunganishe waliomaliza, halafu avuke mlima kwenda kwa wengine. Ambaye hajamaliza, mwakani.

"Mwakani," alisema Bibi Leo, "nyonga yangu haijaniahidi."

Tatizo ni kwamba nyumba yake ilikaa juu ya mwamba. Marehemu mumewe alichimba shimo la choo mara tatu akagonga jiwe mara tatu, ya nne ndipo Mungu akamwonea huruma. Kwa hiyo fundi alikuja mapema na mtaimbo, akashinda siku nzima anadunga uwanja wa bibi, ngo, ngo, hapa jiwe, hapa udongo, mpaka akaipata njia. Akaipigilia vigingi kumi na vinne, kutoka kwenye ua wa miti hadi kizingitini. Njia yenyewe ilipinda kama ya mlevi anayerudi kwake.

"Mama, wewe fuata vigingi tu," fundi alimwambia. "Ukitoka nje hata hatua moja, utachimba mpaka vitukuu wazae."

Bibi Leo alianzia barabarani, sehemu isiyo na mwamba. Kila asubuhi kabla ya jua kuchoma alichimba kidogo, akapumzisha nyonga, akachimba kidogo. Siku ya pili ya kuchimba, mjukuu wake akafika kutoka mjini.

Huyu alikuwa binti wa binti yake wa mwisho, na tangu utotoni bibi alimwita mke mwenzangu, maana babu alikuwa akimdekeza kupita kiasi. Alikuja na mkoba mmoja wa nguo, kofia pana ya majani, na simu yenye kisimamio chake cha miguu mitatu. Mjini kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu wenye hasira. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, masikio yamebanwa na vifaa vya kusikilizia, akitukanwa asubuhi hadi jioni na watu waliokatikiwa umeme, naye akijibu, "Asante kwa kuvumilia." Akaomba likizo. Usiku wa kwanza kwa bibi alilala bila kugeuka, bibi akaenda mara mbili kumsikiliza kama anapumua. Asubuhi alimkuta kizingitini, anachambua maharage huku machozi yanamtoka.

"Nini tena, mke mwenzangu?"

"Hamna kitu, bibi. Ni huu ukimya tu."

Bibi Leo alimwacha alie. Ukimya nao una dawa yake, hilo hakuwa mtu wa kulibishia.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa. Akalishika, akalitazama, akalisimamisha ukutani panapopiga jua, akalipiga picha.

Ndivyo ilivyoanza. Siku hiyo hiyo alisimama mlangoni akaupiga picha uwanja mzima, akaitazama, akasema hii ina takataka. Alivaa gauni jeupe la kitani akabeba kikapu chenye mayai matatu, akatembea nacho taratibu kama anayepeleka mtoto kubatizwa. Alimpiga picha bibi akipepeta, akimenya, akikoleza moto. "Bibi, sogea kushoto kidogo. Inamisha shingo. Tabasamu, lakini kama hujui unaangaliwa." Baada ya wiki moja watu elfu arobaini walikuwa wanaifuata hiyo simu.

"Elfu arobaini!" Bibi Leo alishangaa. "Na hakuna hata mmoja wa kunishikia ndoo?"

Mjukuu alicheka akamwonyesha. Bibi akavaa miwani. Moshi ule uliokuwa ukimtoa machozi kila asubuhi, mle ndani ya simu ulipita kwenye mwale wa jua kama hariri. Kuku wake, wezi wakubwa wale, walitembea kama maharusi. Na yule mwanamke mzee aliyeinamia chungu, kumbe alikuwa na shingo nzuri.

"Huyu bibi anakaa wapi?" akauliza. "Nihamie kwake."

"Ni wewe, bibi!"

"Si mimi. Huyu hakohoi." Lakini akaomba aione tena. Aliiona mara tatu.

Kitu kimoja tu alikigundua, akanyamaza nacho. Tangu ile picha yenye takataka, simu ilitazama kila upande isipokuwa upande wa barabara, kule kwenye mtaro wake.

Jumanne ya wiki ya mwisho Bibi Leo alishinda zahanati kwa ajili ya nyonga. Foleni ilikuwa ndefu, akarudi jua limeshapoa. Mtaro wa nje ulikuwa umefika kwenye ua, ulibaki uwanja tu, siku tatu za kuchimba kwa anayejua pa kuchimba. Njiani alikuwa anapanga: kesho kigingi cha kwanza hadi cha tano, keshokutwa...

Aliingia uwanjani akasimama. Uwanja ulikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Umefagiliwa kwa mistari mizuri ya ufagio, ukanyunyiziwa maji, ukasawazishwa. Makopo ya maua yamepangwa kuelekea mlangoni. Mjukuu wake alikuwa amesimama katikati na gauni lake jeupe, anang'aa kwa furaha.

"Umeonaje, bibi?"

"Vigingi vyangu viko wapi?"

"Vipi? Vile vijiti? Nimevitoa, vilikuwa vinaharibu picha."

"Umeviweka wapi?"

"Nimewashia moto. Vilikuwa vikavu vizuri."

Bibi Leo alitafuta pa kukaa. Akakaa juu ya jiwe la kunolea.

"Bibi, nilidhani ni vya kufungia mbuzi!"

"Mbuzi gani? Umewahi kuona mbuzi hapa?"

"Ndiyo maana nikavitoa!"

Siku nyingine wangecheka. Bibi Leo alimweleza kuhusu mwamba, fundi, na Jumamosi. Alieleza polepole, kama mtu anayehesabu vyombo vilivyovunjika. Mjukuu uso ukamshuka. Akakimbilia jikoni, akakuta majivu. Akainama uwanjani kutafuta matundu, lakini maji na ufagio vilikuwa vimefanya kazi nzuri. Mama Pacha akaitwa. Akasema fundi yuko ng'ambo ya mlima na simu yake haipatikani huko, mpaka Jumamosi yenyewe asubuhi atakapotokea na gari la mipira.

Mama Pacha alipoondoka, mjukuu alikaa chini karibu na bibi. Alivuta pumzi ya mtu mwenye neno lisilopenda kutoka.

"Bibi, labda... labda ni heri. Ijumaa kuna mtu anakuja, wa kampuni ya sabuni. Anataka video ya wewe ukitoka chemchemi alfajiri. Wakiipenda watanipa kazi ya mwaka mzima. Sitarudi kwenye kile chumba. Bomba lingesubiri mwakani tu."

"Anataka nibebe maji."

"Mara moja tu. Ndoo nusu. Hata robo!"

"Na kisha mwaka mzima nibebe zisizo na picha."

"Bibi, hujui wale watu. Wanaandika kwamba wakiiona nyumba hii wanapumua. Wako kwenye vyumba kama changu."

"Wapumue, nani kawakataza? Hata wewe ulipofika hapa ulipumua, nami nilifurahi." Bibi Leo alisugua nyonga yake. "Lakini mtu hawezi kupumua kwa mgongo wa mwenzake. Mimi nililala kwenye lile tope, mke mwenzangu. Nilikuwa naona nyumba yangu kutoka pale chini. Nzuri kweli, na moshi wake. Nisiweze kuifikia."

Bibi Leo akainuka, akachukua jembe lililokuwa bado linapigwa jua ukutani.

"Kesho tutaanza?" mjukuu akauliza kwa sauti ndogo.

"Leo."

Walijaribu. Walichimba kutoka pale mtaro ulipoishia, bibi akikumbuka kwamba kigingi cha kwanza kilikuwa karibu na mndimu. Au kilikuwa upande huu wa mndimu? Jembe likagonga jiwe likaruka likawauma mikono. Wakasogea. Jiwe. Giza likawakuta wana mashimo manne na udongo wa kujaza kofia.

Asubuhi ya Jumatano Bibi Leo aliamka na wazo. Alimtikisa mjukuu.

"Ile picha ya uwanja uliyopiga siku ya kwanza ukiwa mlangoni iko wapi? Ile uliyosema ina takataka."

"Nilishaifuta, bibi. Niliitupa."

"Umeitupa wapi? Kila kinachotupwa kina mahali kilipoangukia."

Mjukuu akakaa kitandani wima. "Simu ina kapu lake la taka. Inakaa na taka mwezi mzima kabla ya kuzimwaga."

"Basi chakura, mwanangu. Chakura kama kuku."

Akachakura. Na mle, kati ya picha za vidole gumba na za kuku waliogeuza makalio, ikatoka. Uwanja wa bibi siku ya kwanza: udongo mtupu, mndimu, jiwe la kunolea, banda la kuku, na vigingi vimesimama vimepinda vimepinda kama meno ya mzee. Mjukuu aliitazama kwa muda. Labda alikuwa hajawahi kuiangalia picha mbaya kwa upendo namna ile.

Akasimama kizingitini pale pale alipokuwa amesimama, simu mbele ya uso, akalinganisha mndimu na mndimu, jiwe na jiwe. Bibi Leo alikuwa uwanjani na fungu la vijiti vipya na nyundo.

"Bibi, sogea kushoto kidogo."

"Hapa?"

"Rudi nyuma. Nusu hatua. Hapo hapo! Tabasa..."

"Nitabasamie kigingi?"

Wakacheka, wa kwanza bibi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana.

Vigingi kumi na viwili vilirudi. Viwili vilikataa kuonekana. Cha tisa kilikuwa kimezibwa na jogoo mwekundu, aliyepita mbele ya simu siku ile kana kwamba kaitwa. Cha kumi kilifichwa na kofia ya majani, ambayo mjukuu aliitundika kwenye mpini wa ufagio ili ipendeze.

"Huyo jogoo nitamchinja," alisema Bibi Leo.

"Bibi!"

"Na kofia je? Na yenyewe tuchinje?"

Mjukuu alikuwa na magauni meupe tu. Bibi akamtupia gauni lake kuukuu la shambani, lenye mfuko mmoja uliobaki. Wakachimba Jumatano nzima. Kufika jioni mjukuu viganja vilikuwa na malengelenge, bibi akamfunga vitambaa akamwambia asiyapasue. Alhamisi walifika kigingi cha nane, na hapo ndipo njia ikaisha. Walidunga kushoto, jiwe. Walidunga kulia, jiwe. Mama Pacha, aliyemaliza wake siku nyingi, alikuja na mtaimbo mzito na ulimi mwepesi.

"Nasikia mnatafuta jogoo chini ya ardhi," alisema.

"Dunga, Mama Pacha, acha maneno."

Wakashika zamu. Mtu mmoja anadunga, wawili wanasikiliza. Jiwe lina sauti yake, kali, inapanda mpaka kwenye meno. Udongo unasema dufu. Alasiri ikapita. Bibi Leo alikuwa amekaa ukingoni, mguu mmoja ameunyoosha, sikio limeinama. Kila mmoja alikuwa anachoka kwa namna yake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Mjukuu alidunga kwa hasira karibu kabisa na banda la kuku, mahali ambapo mtu mwenye akili asingedunga.

Dufu.

"Rudia," alisema Bibi Leo.

Dufu.

Ijumaa asubuhi yule mtu wa kampuni ya sabuni akafika, viatu safi, mikononi kashika mtungi mpya wa udongo usio na doa. Akasimama kwenye ua akiangalia uwanja uliopasuka katikati.

"Samahani, bibi mwenye nyumba yuko wapi?"

"Shimoni," ikajibu sauti.

Mjukuu akatoka mtaroni, gauni kuukuu, tope mpaka kwenye nyusi. Yule mtu hakumtambua, akamwagiza amwite binti wa kwenye video. Walipoelewana, alipoa kidogo. Alikuwa mtu wa adabu. Akasema si neno, udongo ungefunikwa na nyasi, wangepiga upande wa mndimu tu, bibi ashuke chemchemi mara moja, apande. Nusu saa.

"Tumebakiza vigingi viwili," mjukuu alisema. "Kwa nini usipige hii? Hii ndiyo nyumba yenyewe."

"Dada yangu, watu hawataki kuona bomba."

"Na mimi sitaki kuona chemchemi," alisema Bibi Leo kutoka chini.

Yule mtu akamgeukia mjukuu, akasema polepole kwamba gari linarudi mjini saa sita, na kuna nyumba nyingine ya kwenda kuiangalia. Mjukuu akatazama mtungi. Bibi Leo alimwona anavyoutazama. Mle ndani hakukuwa na maji, kulikuwa na mwaka mzima bila kutukanwa. Bibi akaweka sururu chini. Hakutaka kumsaidia kusema, neno la mtu huzaliwa na mwenyewe. Ila kwa mara ya kwanza tangu Jumanne aliogopa, kwa sababu peke yake asingemaliza.

"Asante kwa kuvumilia," mjukuu alimwambia yule mtu, kwa sauti yake ya kazini, na akashuka tena shimoni.

Walifika kizingitini jioni. Waliketi miguu ndani ya mtaro wakanywa chai, na jogoo mwekundu akaja kuparua udongo mpya kana kwamba kachimbiwa yeye.

Jumamosi fundi alitembea kando ya mtaro kuanzia barabarani, akipima kina kwa goti lake. Alipofika kwenye banda la kuku akasimama.

"Hapa sikupita mimi."

"Hapo kapita mke mwenzangu," alisema Bibi Leo.

Fundi akadunga pembeni, ngo, akadunga upande wa pili, ngo. Akatikisa kichwa. "Mmepita kwenye tundu la sindano." Akalaza mpira, akaunganisha, akasimamisha koki mlangoni, akapiga kelele kwa mwenzake aliyeko barabarani afungue.

Koki ilikohoa. Ikatema upepo, ikatema maji mekundu, ikanyamaza, watu wote wakanyamaza nayo. Kisha maji yakaja, meupe, yenye nguvu, yakajaza ndoo kabla Bibi Leo hajamaliza kuinama. Akatia mkono. Akautoa, akautia tena. Mjukuu alikuwa amesimama na simu chini, hajui kama inafaa.

"Piga," alisema bibi. "Na miguu yangu ilivyo hivi hivi."

Mchana huo video ikaenda. Majibu yakaja kwa fujo, mjukuu akiyasoma kwa sauti huku bibi akiosha vyombo kwenye koki, vyombo vyote, hata visafi. Mmoja aliandika: mmeuharibu uwanja. Mwingine: rudisheni maua. Mwingine: bibi wa zamani alikuwa mzuri zaidi. Walioondoka walikuwa wengi.

"Huyu hapa anauliza," mjukuu alisema. "Anasema na kwao kuna mwamba. Anataka kujua sauti ya udongo ikoje."

"Huyo mjibu kwanza."

Mjukuu akajibu, kwa vidole vyenye vitambaa. Jumatatu angerudi kwenye kile chumba, wote wawili walijua. Bibi alikuwa ameshamwambia kwamba kitanda kipo na usingizi upo, aje kila atakapobanwa, na akija asije na gauni jeupe peke yake.

Bibi Leo alifunga koki, akaifungua, akaifunga. Halafu akainua uso kuelekea jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka mlangoni kwa kukosa pa kutokea.

"Lile paa la jikoni," alisema, "likitobolewa pale juu, likawekwa bomba la bati, moshi si utapanda wenyewe?"

"Utapanda, bibi. Lakini pumzika kwanza, umechimba siku nne. Hilo tutafanya kes..."

Uso wa bibi ukaanza kukunjika.

"Leo," mjukuu alisema haraka, akaenda kwa Mama Pacha kuazima ngazi.